Sanduku la Biskuti

Wamenipigia simu baada ya miaka thelathini na mmoja,
si kwa mapenzi: kwa sababu ya waya.
Hakuna mwingine, alisema Ottília, anayejua
ni tundu lipi la ile amplifaya kubwa linalouma.

Basi nimeomba ruhusa ya siku mbili kwenye tramu,
nimevaa mkanda wa mgongo,
nimebeba tena, ngazi kwa ngazi,
spika zilezile zenye harufu ya sigara
za watu waliokwishakufa.

Bendi iliitwa Salak.
Kwa Kihungaria ni mavi ya chuma,
kile kinachobaki tanuri likishatoa chake.
Wote walikuwa wana wa kiwanda, hapa Miskolc,
walipiga kama watu wanaogombana na king'ora cha zamu.
Sasa tanuri limezimwa, majani yameota relini,
na Kornél, aliyekuwa akirukia jukwaa
kama paka mwenye moto mkiani,
anapanda kwa kushika ukuta,
anauliza choo kiko wapi.

Mazoezi. Tihamér yuko kwenye ngoma na miwani ya kusomea.
Dezső amesahau mpito wa wimbo wa tatu,
vidole vyake vinautafuta
kama mtu anayepapasa swichi katika nyumba aliyoiuza.
Hawatazamani. Katikati yao liko sanduku,
lile la bati, la biskuti, lenye picha ya kulungu,
ambalo halipo.

Nieleze.
Usiku wa mwisho, mwaka themanini na saba,
mapato ya mlangoni yalilala ndani ya sanduku hilo,
na kulipokucha sanduku lilikuwa jepesi.
Kornél akamwita Tihamér mwizi.
Tihamér akavunja vijiti vyake gotini,
akaenda zake kwa miguu, theluji hadi kwenye ndama.
Bendi ikafa palepale, kando ya gari,
nami nikaendelea kukunja waya,
kiganja na kiwiko, kiganja na kiwiko,
noti zikinichoma ubavuni.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Mimi ndiye niliyekuwa kikulacho;
nguo ilikuwa koti la Piroska,
la sufu, la rangi ya divai,
ambalo nondo walilimaliza kabla ndoa haijaisha.

Ukumbi umejaa. Vipara, mikongojo,
binti mmoja ndani ya fulana ya baba yake.
Taa zinazimika. Kornél anakohoa kwenye maikrofoni:
"Tihamér, pesa yangu iko wapi?"
Watu wanacheka. Tihamér hacheki.
Anahesabu nne kwa vijiti

na loo,
sauti ile.
Si nzuri. Noti ya juu Kornél anaitazama tu ikimpita,
kama wale abiria waliochelewa
ninaowaona kwenye kioo kila siku.
Lakini chini yake besi la Ottília linasukuma sakafu,
meno yangu ya bandia yanaitikia,
na kwa dakika nne, naapa, tanuri limewaka.

Baadaye, watu wameondoka, nakunja waya.
Namwambia yeye. Yote: noti, ubavu, koti.
Anaendelea kulegeza nyuzi, mmoja mmoja.
"Tulijua," anasema. "Wiki ileile.
Piroska alipita sokoni na koti jipya,
na mshahara wako nani hakuujua?"
"Sasa mbona..."
"Tulikuwa tumechoshana, Lőrinc.
Hakuna aliyethubutu kulitamka.
Wewe ukatupa sababu."

Nilitaka kukasirika. Nilitafuta pa kuanzia.
Miaka thelathini na mmoja nimejiita mwizi
mbele ya kioo cha kunyolea,
kumbe nilikuwa kibarua, kama kawaida,
nikiwabebea vitu vyao.

Ananikabidhi besi.
"Polepole ngazini," anasema, "mgongo wako."
Kornél na Tihamér wako nje chini ya taa,
wanagombania kiberiti kimoja.
Jumamosi wanapiga Eger.
Hawajaniuliza kama nitakwenda.
Wameniuliza kama gari lina matairi ya theluji.